Koti Lililokwenda Kazini Peke Yake

Nyumbani kwa Karimu, mtaa wa Buyenzi, simu zilikaa mezani kabla ya watu. Zilikuwa tatu. Moja ya madereva, moja ya wakubwa wa kazini na wateja wakubwa, moja ya familia. Ya familia ndiyo iliyokuwa haina chaji kila siku.

Karimu alikuwa mkuu wa magari katika kiwanda cha mikate. Yeye ndiye aliyeamua gari lipi lipande Kiriri kwenye majumba ya wakubwa, lipi liende Carama, na lipi lishuke Buterere kupambana na matope. Zamani kazi hiyo ilikuwa na raha yake. Kisha mafuta ya gari yakawa adimu mjini. Magari yakaanza kulala kwenye foleni siku mbili, siku tatu. Lakini mkate haujui habari za foleni. Watu wanautaka asubuhi, na chai, na ukichelewa wanapiga simu.

Mkewe, Mwantum, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, mbele ya nyumba. Na alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimpelekea kitambaa, atakuuliza umekinunua wapi, sherehe ni ya nani, na bwana harusi ana kaka wangapi. Watu walimtania kwa hilo. Lakini nguo yake ilikaa mwilini, na hakuna aliyewahi kuirudisha.

Jumatatu moja asubuhi alipata jambo jipya la kuuliza.

"Houda," Karimu alimwambia binti yao wa miaka minane, "umejaza mafuta?"

Houda alitazama kikombe chake. "Mi nimejaza chai, Papa."

Mwantum akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Karimu hakucheka. Alipiga meza, simu zote tatu zikaruka.

"Mutu anauliza kitu, munacheka! Hapa nyumbani kila kitu ni mchezo!"

Akachukua koti lake la kijivu, akatoka. Andazi lake lilibaki zima.

Kicheko kikamkauka Mwantum. Karimu alikuwa mtani. Siku za uchumba alimchekesha mpaka babake Mwantum akauliza kama kijana yule ana kazi nyingine. Sasa mtu huyo alikuwa amekwenda wapi?

Mwantum akachukua chaki ya kukatia nguo. Chini ya meza ya cherehani akaanza kuweka alama. Alama moja kwa kila kitu kilichomshangaza. Mpaka Alhamisi alikuwa na alama kumi na tisa. Karimu anakaa macho wakati wote wanalala. Karimu anasahau jina la jirani. Karimu anashtuka simu ikilia, hata simu ya mtu anayepita barabarani. Karimu anasema moyo unamkimbia, na yeye ameketi tu.

"Ni malaria," Karimu alisema kila akiulizwa. Kisha alimeza vidonge. Ilikuwa mara ya tatu kwa miezi miwili.

"Umepima damu?"

"Malaria mi naijua kwa sura, Mama Houda."

Ijumaa, Irène akaja kujaribu blauzi. Irène alikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha karibu. Alisimama barazani, pini zimemjaa mabegani. Mwantum akaona hapo ndipo pa kuulizia, maana mtu mwenye pini mwilini hawezi kukimbia.

"Irène, malaria inaweza kumufanya mutu amuulize mutoto wake kama amejaza mafuta?"

"Ehh! Malaria ya wapi hiyo?"

Mwantum akamwonyesha alama chini ya meza, akimweleza maana ya kila moja. Irène aliinama kwa uangalifu, akasoma moja moja, kama anasoma karatasi ya hospitali.

"Homa iko?"

"Apana. Nimegusa paji. Ni baridi."

"Anakula?"

Mwantum akachukua utepe wa kupimia, akauonyesha kwa kidole. "Juzi nilimupima kiuno. Nilimudanganya namushonea suruali. Amepungua inchi tatu tangu Ramadhani. Na Ramadhani ilipita miezi mitano."

"Na Jumapili je? Siku hafanyi kazi?"

"Jumapili mchana iko vizuri. Ikifika alasiri, anaanza kushika tumbo. Anaangalia saa. Kama mutoto ambaye hakufanya kazi ya shule."

Irène akaziangalia tena zile alama. Kisha akasema, "Vidonge vya malaria aache kumeza kama peremende. Bila kupima ni kosa, vinaweza kumuumiza na ugonjwa wenyewe haviugusi. Muambie aje apime. Mi sisemi ana nini, hiyo ni kazi ya daktari. Lakini kuna ugonjwa unaotoka kazini, Mwantum. Mutu anabeba kazi mupaka kazi inamubeba yeye."

"Ni wazimu?"

"Apana."

"Ni uvivu?"

"Mvivu haupati huo," Irène alicheka. "Mvivu analala vizuri sana. Sasa toa hizi pini, dada yangu, zinanichoma."

Jioni ile Mwantum alimwambia Karimu. Karimu akakataa palepale.

"Niende kwa daktari nimuambie nini? Nimechoka? Bujumbura nzima imechoka! Nikikosa siku moja tu, Régis atakaa kwenye kiti yangu. Na akikaa, hatoki."

Régis alikuwa msaidizi wake, kijana wa Carama, mpole, anayependa kunyoosha mgongo. Karimu alimwona kama chui. Na kile kiti ndicho kilichomlisha Houda. Mwantum alilijua hilo, akaliacha jambo. Kwa siku hiyo.

Jumatano iliyofuata, saa sita mchana, Karimu alirudi nyumbani kwa miguu. Viatu vilikuwa na matope mpaka vifundoni. Aliketi kwenye benchi la wateja, akatazama mikono yake.

"Gari iko wapi?" Mwantum aliuliza.

"Sijui."

"Namna gani, hujui?"

"Nilienda Buterere kuangalia lori imekwama. Nilishuka. Simu zikalia zote pamoja. Nikajibu moja, nikaanza kutembea. Mwantum, gari ya kazi niliiacha inawaka, ufunguo ndani, katikati ya njia. Njia ya shule." Akalishika benchi kwa mikono miwili. "Dereva mmoja amenipigia, ameiona, ameizima. Watoto walikuwa wanapita pale."

Safari hii Mwantum hakuuliza chochote. Alifunika cherehani, akachukua kitenge chake, akamshika mkono. Wakaenda.

Kituoni walipima damu kwanza. Malaria hakuna. Daktari Gélase, mtu mnene mwenye sauti ndogo, akapima na presha. Ilikuwa juu. Kisha akaweka kalamu chini, akauliza maswali ambayo Karimu hakutegemea. Unalala saa ngapi? Mara ya mwisho kucheka ni lini? Umewahi kufikiri ni afadhali usiwepo? Karimu alijibu yote. Kwa lile la mwisho alitikisa kichwa haraka, na Mwantum akapumua.

"Ungesema ndiyo, tungeongea kwanza habari hiyo, leo hii," daktari alisema. "Hilo halina aibu, na halingoji kesho. Sasa sikia. Mwili wako una breki kama gari. Umeendesha mwaka mzima na mguu umekanyaga mafuta. Breki zimeisha. Kulala usiku mmoja hakutoshi. Nakuandikia konje ya ugonjwa, ruhusa ya kupumzika kwa sababu ya afya. Wiki tatu. Kisha unarudi hapa nikuone."

"Wiki tatu!" Karimu aliruka. "Daktari, niandikie malaria. Tafadhali. Malaria watu wanaielewa."

"Nikiandika malaria watakupa siku tatu na machungwa. Wewe unahitaji wiki tatu. Na mimi siandiki uongo. Kwa karatasi ya kazi sitaji ugonjwa. Naandika tu kwamba huwezi kufanya kazi, kutoka siku hii mpaka siku hii. Mengine ni siri yako na yangu." Akamtazama Mwantum. "Na ya mama huyu, naona."

"Mi nilikuwa na alama kumi na tisa," Mwantum alisema kwa unyenyekevu.

"Karatasi ifike kwa mkubwa wako mapema. Kazini kwenu kanuni inasema nini?"

"Siku mbili. Imeandikwa ukutani. Siku mbili bila karatasi, umeacha kazi."

"Basi isilale njiani."

Kesho yake asubuhi Karimu alimwambia mkewe kwamba Régis amepita, na ameibeba karatasi. Mwantum alifurahi. Alimpikia Karimu uji mzito, akamwambia alale.

Lakini simu za kazi hazikulala. Zililia tangu saa moja. Na watu waliopiga walisema jambo la ajabu.

"Shefu, uko upande gani wa kiwanda? Nakutafuta."

"Shefu, njoo utie sahihi, tunangoja kwenye mlango wa ofisi yako."

Siku ya pili ikawa vilevile. Karimu alijibu akiwa amelala, akajibu akila, akajibu akiwa chooni. Mwantum alisimama na pasi mkononi, anasikiliza. Mtu akiumwa, kazini wanauliza unaendeleaje. Mbona hakuna aliyeuliza hata mara moja? Akatazama msumari nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa mtupu.

"Baba Houda. Koti iko wapi?"

"Koti gani?"

"Ya kijivu. Niliyokushonea ulipopata ukubwa."

"Iko... kazini."

"Wewe uko hapa. Koti inafanya nini kazini?"

Karimu akajifunika shuka mpaka kichwani. Mwantum akalivuta. Ndipo maneno yakatoka, moja moja.

Alimpa Régis koti, akamwomba alitundike kwenye kiti. Kila mtu ofisini alijua mtindo huo. Ukitaka kwenda kuchukua mtoto shuleni au kunywa chai, unaacha koti kwenye kiti. Mkubwa akipita, anasema, fulani yupo, hayuko mbali. Karimu alifikiri koti lingemlindia kiti wiki zote tatu, huku yeye anaongoza magari kwa simu kutoka kitandani. Hakuna ambaye angejua kwamba anaumwa.

"Na karatasi ya daktari?"

"Iko mufukoni."

"Mufuko wa nani?"

"Wa koti."

"Subhanallah!" Mwantum akaweka pasi chini. "Umepeleka koti kwenye konje, halafu wewe umebaki kazini!"

Karimu alitaka kucheka, akashindwa. Macho yakamjaa maji. "Nikiipeleka, watajua siwezi."

"Na usipoipeleka, leo jioni umeacha kazi. Imeandikwa ukutani, umesema mwenyewe. Hiyo kiti unayoilinda, itaondoka na koti yake juu."

Mwantum hakupoteza muda. Alichukua simu ya madereva na simu ya wakubwa, akazitia kwenye mkoba. Aliacha ya familia, kwenye chaji. Akatoka.

Mkuu wa kiwanda aliitwa Madamu Candide. Alikuwa mwanamke mwembamba, anatembea haraka, na alimpokea Mwantum kwenye ukumbi wa ofisi.

"Mama Houda! Karibu. Unamutafuta Karimu? Iko hapa, koti yake ile pale. Atakuwa anazunguka kwa magari."

"Madamu, koti ile nilishona mimi. Naijua ikiwa na mutu ndani, na naijua ikiwa tupu. Toka jana iko tupu."

Régis, aliyekuwa mlangoni, akaanza kuitazama dari kwa bidii kubwa.

Mwantum akaenda kwenye kiti, akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi. Akaikunjua na kumpa Madamu Candide kwa mikono miwili. Madamu akasoma. Akasoma tena.

"Wiki tatu? Karimu? Ana nini?"

Mwantum alikumbuka neno la daktari kuhusu siri. Lakini Karimu mwenyewe, alipokuwa akimfungulia mlango, alikuwa amemwambia, kwa sauti ndogo, "Akiuliza, muambie ukweli. Nimechoka kudanganya pia."

"Kazi imemumaliza, Madamu. Hapati usingizi, hali chakula, moyo unakimbia. Ile gari iliyoachwa Buterere inawaka, ndiyo ugonjwa wenyewe. Angeweza kuua mutoto."

Madamu Candide akaketi. "Niliona amepungua. Nikadhani ameanza kukimbia asubuhi kwenye kilima cha Kiriri kama sisi wengine." Hakuna aliyecheka. "Kwa nini hakusema?"

"Anaogopa kiti."

"Kiti gani?"

Mwantum akaelekeza kidole. Régis akainua mikono yote miwili. "Wallahi... samahani, mi ni Mkristo, lakini wallahi, Madamu, mi siitaki! Shefu analia na simu kule toka asubuhi mupaka jua linazama. Nani anataka kiti kama ile?"

Mwantum akatoa simu mbili kwenye mkoba, akaziweka mezani. "Hizi ni za kiwanda. Mugonjwa wangu hawezi kupumzika nazo. Nani anazichukua?"

"Ya madereva, Régis," Madamu Candide alisema. "Ya wakubwa nibakie nayo mimi. Ni simu tu."

Akamwagizia Mwantum Fanta. Kabla chupa haijafika nusu, simu ya wakubwa ilikuwa imelia mara kumi na moja. Mara ya nane Madamu alisahau alichokuwa akisema. Mara ya kumi na moja aliitazama ile simu kama inataka kumuuma.

"Kila siku iko hivi?"

"Apana," Régis alisema. "Leo iko kimya kidogo."

Madamu Candide alipiga mhuri kwenye karatasi, akaandika tarehe na saa, akampa Mwantum nakala. "Muambie apumzike. Akirudi, tutaongea juu ya simu hizi. Na koti uondoke nayo."

Mwantum alilikunja koti, akalitia begani. Njiani aliliona ni zito. Mifukoni alikuta kalamu nne, karatasi za mafuta, na andazi moja gumu kama jiwe, la siku ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Wiki ya kwanza Karimu alilala kama mzigo. Akiamka aliona haya. Wiki ya pili alianza kuzunguka nyumba, hajui mikono aiweke wapi. Majirani walikuja kumsalimia mgonjwa, kama desturi, wakamkuta anachagua maharage barazani.

"Ehh, mugonjwa gani huyu anatembea?"

"Miguu haikuvunjika," Mwantum alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Kaa naye dakika kumi. Kisha umuache alale."

Irène alipita kila baada ya siku mbili. Alimwambia Karimu atembee kila asubuhi, ale kwa saa, azungumze na rafiki mmoja anayemwamini, na asijilaumu siku ikiwa mbaya. "Afya haitapanda tu kama ngazi," alisema. "Leo vizuri, kesho nyuma kidogo. Ni kawaida." Karimu akaanza kumpeleka Houda shuleni na kumchukua. Njiani Houda alikuwa na maswali mengi. Alikuwa amerithi.

Siku moja ya wiki ya tatu Mwantum alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Karimu akainama sikioni kwake.

"Mama Houda," alisema kwa sauti ya kazi, "umejaza mafuta?"

Mwantum alijichoma kidole kwa kicheko. Akachukua utepe palepale, akampima kiuno. Inchi moja ilikuwa imerudi. Akaingia chini ya meza na kitambaa chenye maji, akafuta alama moja ya chaki. Nyingine aliziacha zingoje zamu yao.

Daktari Gélase alimwona tena. Presha ilikuwa imeshuka. Alimruhusu kurudi kazini, na akaandika kwamba wiki mbili za mwanzo afanye nusu siku. Karimu hakuomba abadilishe neno lolote.

Siku ya kurudi, alimkuta Régis ameketi kwenye kile kiti. Akasimama mlangoni. Régis akainuka upesi, anajishika mgongo.

"Shefu, asante Mungu! Hii kiti inauma! Ulikaaje hapa miaka minne?"

Karimu akacheka, akaingia. Madamu Candide akawaita wote wawili. Magari ya kaskazini, Carama na Buterere, yangekuwa ya Régis. Mengine ya Karimu. Simu za kazi zingelala kiwandani, kwenye droo, na dereva wa zamu angekuwa na mtu mmoja tu wa kumpigia. Madamu alisema hayo haraka, kama mtu aliyekwisha kuyafikiria, huku akiisukuma simu ya wakubwa mbali na mkono wake.

Nusu siku zilipita, siku nzima zikarudi. Mafuta bado yalikuwa shida, na mkate bado ulichelewa siku nyingine. Habari iliyofuata Mwantum aliipata kwa Régis mwenyewe, alipokuja kushonewa suruali. Aliipata kwa sababu aliuliza.

Jioni moja, saa kumi na moja na dakika tano, dakika tano tu baada ya kazi kwisha, Madamu Candide alipita ofisini anatafuta orodha ya magari. Aliona kiti kitupu. Akaangalia nyuma ya mlango. Msumari mtupu.

"Karimu iko wapi?"

"Ameenda nyumbani, Madamu," Régis alisema.

"Na koti?"

"Wameenda pamoja."